Aliyemlisha Ndiye Amwongoze

Wakulima wengi wa skimu zetu hucheka wakisikia kwamba wako watu wanaomwogesha mbwa, wakamchana manyoya, wakamtia garini, wakaenda naye Nairobi kushindana na mbwa wengine. Hucheka zaidi wakiambiwa kwamba mbwa hao hawashindani kukimbia wala kuwinda, bali hushindana kusimama na kutembea. "Mbwa kazi yake ni kubweka usiku," ndivyo wasemavyo, "hayo mengine ni mchezo wa wenye nafasi." Mimi sicheki. Na ninyi nawaomba msicheke upesi, kwa kuwa katika uwanja wa mbwa yako mambo ambayo yangetufaa sana sisi tunaopeleka ng'ombe katika maonyesho ya A.S.K., na ambayo wengi wetu hatuyafuati hata kidogo.

Tena maonyesho ya mbwa yana ukoo na maonyesho ya mifugo mingine. Huko Uingereza, maonyesho yanayotajwa kuwa ya kwanza yalifanyika mjini Newcastle mwaka 1859, nayo yaliambatana na maonyesho ya kuku. Mbwa walikuwa 60, wa aina mbili tu za kuwindia ndege, na zawadi ilikuwa bunduki. Mwaka 1891 bwana mmoja, jina lake Charles Cruft, akaanza maonyesho yake mjini London, ambayo hata leo yaitwa Crufts na siku hizi hufanyika Birmingham. Je, alifanyia katika jumba gani? Alifanyia katika Royal Agricultural Hall, jumba lililofunguliwa mwaka 1862 kwa ajili ya maonyesho ya ng'ombe. Basi mbwa waliingia kwa mlango wa ng'ombe. Kwetu Kenya chama ambacho leo ni A.S.K. kilianzishwa mwaka 1901 na walowezi wa wakati ule, nacho kikafanya maonyesho yake ya kwanza Nairobi mwaka 1902. Wenye mbwa nao wana chama chao, East Africa Kennel Club, chenye sheria zake na waamuzi wake.

Nitaje jambo moja zaidi la Newcastle, kisha niache historia. Mwamuzi wa aina moja ya mbwa alipata zawadi ya kwanza kwa mbwa wake katika aina ya pili, na mwamuzi wa ile aina ya pili akapata ya kwanza katika aina iliyoamuliwa na mwenzake. Huenda mbwa wao walikuwa bora kweli kweli. Lakini wewe ungalikuwa umesimama pale na mbwa wako, ungalisadiki? Mwaka 1873 ikaundwa Kennel Club ya Uingereza ili kuweka taratibu, na adabu nyingi za uwanjani ambazo huonekana kama madaha zatokana na hofu hiyo ya upendeleo. Tukijua hivyo, hatutaziona tena kama desturi za kizungu zisizo na maana.

Tazama kwanza namna wanavyotembea. Mwenye mbwa humshika kwa mkono wa kushoto, mbwa akiwa ubavuni mwake wa kushoto, na wote huzunguka uwanja kinyume cha mkono wa saa. Mwamuzi yuko katikati. Kwa njia hiyo mbwa huwa upande wa ndani na mtu huwa upande wa nje, na mwamuzi humwona mbwa tangu pua hata mkia bila kuzuiwa na suruali ya mtu. Sasa mtazame ng'ombe. Yeye huongozwa na mtu aliye upande wake wa kushoto, na mzunguko hufuata mkono wa saa. Ukifikiri kidogo utaona kwamba ni kanuni ile ile iliyogeuzwa: ng'ombe ndani, mtu nje. Niliwahi kuwafundisha watoto wa darasa la tatu jambo hili kwa kuchora duara mchangani na kuweka punje ya hindi iwe ng'ombe na kijiti kiwe mtu, nao walilielewa kwa dakika tano. Lakini katika maonyesho madogo ya wilaya nimeona watu wazima wakizunguka huku na huku, huyu akienda kulia na yule kushoto, mpaka mafahali wawili wakakutana uso kwa uso.

Kanuni yenyewe ni hii: usisimame kamwe kati ya mwamuzi na mnyama wako. Mwamuzi akienda nyuma, wewe kaa mbele. Akija mbele, rudi nyuma hatua moja, ukiwa bado umeshika kamba. Macho yako yawe mawili kazini: moja kwa ng'ombe, moja kwa mwamuzi. Nasi siku hizi tumeongeza jicho la tatu, la kutazama simu. Kijana anamwongoza mtamba kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili anajipiga picha! Mwamuzi ameinua kidole kumwita mbele, naye hakuona. Iache simu kwa mkeo au kwa jirani yako mpaka utoke.

Jambo la pili ni nafasi. Wenye mbwa hawakanyagani visigino. Mbwa akisukumwa na wa nyuma hugeuka, huvunja mwendo, pengine huuma, na mbwa aumaye hutolewa uwanjani. Ng'ombe haumi, lakini hupiga teke na hupanda mgongoni mwa mwenziwe. Acha nafasi ya urefu wa ng'ombe mmoja kati yako na aliyetangulia. Mkisimama mstarini usimwingize wako mbele kidogo ili aonekane mkubwa kuliko wa jirani. Mwamuzi amekwisha kuona ng'ombe wengi katika maisha yake, hadanganyiki kwa hatua mbili.

Jambo la tatu ni ulimi. Katika uwanja wa mbwa mwenye mnyama hasemi na mwamuzi isipokuwa ameulizwa. Huulizwa umri, hujibu umri. Hasemi baba ya mbwa huyu ni fulani, wala hasemi mwaka jana alishinda. Kwetu ndipo penye shida. Mtu akifika mbele ya mwamuzi huanza kutoa hotuba: huyu ni Friesian, hutoa lita kadha wa kadha, mama yake alitoka shamba la fulani. Mwamuzi hakukuuliza. Yeye huamua kwa yale anayoyaona na kuyagusa siku ile: miguu, mgongo, ngozi, kiwele, mwendo. Kumbukumbu za maziwa zina mahali pake, nao ni wakati wa kuuza na wakati wa kuandikisha ng'ombe katika Kenya Stud Book. Uwanjani jibu lako liwe fupi: "Amezaa mara ya pili, bwana, miezi mitatu iliyopita." Basi.

Na jamaa zako walio nje ya kamba nao wana ulimi na mikono. Wenye mbwa hulikataza sana jambo la mtu kusimama nje akimwita mbwa kwa mluzi au kumwonyesha mpira ili asimamishe masikio. Sisi hupiga ndoo! Nimeona mzee akitikisa ndoo ya chakula nje ya ua ili ng'ombe wa mwanawe ainue kichwa. Ng'ombe wake aliinua kichwa kweli. Ng'ombe wengine sita nao wakainua vichwa, na wawili wakaenda kwenye ndoo pamoja na watu waliokuwa wamewashika.

Sasa niseme juu ya kumzoeza mnyama, kwa kuwa adabu yote niliyoitaja haifai kitu kama ng'ombe hajui kamba. Mbwa wa maonyesho huanza kuzoezwa angali mtoto. Huzoezwa kusimama, kuguswa miguu, kufunguliwa mdomo, maana mwamuzi huyatazama meno yake. Ng'ombe naye heri aanze akiwa ndama. Mfunge hatamu ya kamba, umzoeze kusimama amefungwa kwa muda mfupi, kisha umwongoze kwenda mtoni au kwenye bomba la maji, kila siku kidogo. Ukiwa na mtamba mkubwa ambaye hajawahi kuongozwa, jipe majuma sita au manane kabla ya siku yenyewe. Mtu aanzaye siku tatu kabla huburutwa mbele ya watu. Mzoeze pia kuguswa na mgeni kiunoni na kwenye kiwele, na kusikia kelele, kwa maana bendi ya maonyesho haipigi polepole kwa ajili ya ng'ombe wako.

Hapa nasimama kidogo kwa jambo la hatari. Usijizungushie kamba mkononi. Hata kama ng'ombe ni mpole, hata kama kamba ni ndefu na yakusumbua, ikunje mikunjo ya kulala juu ya kiganja, uishike kwa vidole ili uweze kuiachilia. Ng'ombe wa kilo 400 akishtushwa na kipaza sauti hatakungoja ujifungue. Ataondoka, na mkono wako utaondoka pamoja naye. Na kwa fahali usiende peke yako. Avae pete ya pua, uwe na fimbo yake ya kumzuia, na mtu wa pili awepo. Usimpe mgongo. Wakulima huogopa fahali wa Friesian kwa ukubwa wake, wakamdharau wa Jersey kwa kuwa ni mdogo na ana uso mzuri kama wa swala. Waulize waliofuga mafahali wa Jersey ni yupi wa kuogopwa.

Liko jambo lingine ambalo lanikasirisha, nami sitalizungushia maneno. Ni desturi ya kuacha kumkamua ng'ombe ili kiwele kijae siku ya maonyesho. Mtu hukamua jana asubuhi, akamwacha mpaka leo saa sita. Kiwele kimekuwa kama ngoma, chuchu zimetoka upande, maziwa yadondoka chini, ng'ombe atembea amepanua miguu kama aliye na jipu. Mwenyewe asimama akitabasamu. Huu si ufundi, ni ukatili. Kiwele kilichojaa kupita kiasi humwuma mnyama, na chuchu zinazodondoka maziwa zimefunguka, na wadudu wa ugonjwa wa kiwele hupita hapo hapo. Mtu aweza kurudi nyumbani na utepe mwekundu na robo moja ya kiwele iliyokufa. Tena mwamuzi mzuri hapendezwi na kiwele kilichovimba, kwa sababu uvimbe huficha umbo. Yeye ataka kuona kimeshikwa vipi mwilini, mbele na nyuma. Kamua kwa saa zako za kila siku, au karibu nazo. Ninavyoona mimi, mwamuzi akimwona ng'ombe anayetaabika angemtoa uwanjani mbele ya watu wote na kutaja sababu kwa kipaza sauti. Vikifanyika mara mbili katika wilaya moja, desturi itakoma.

Sasa nifikie neno lililonifanya nishike kalamu. Nani ashike kamba?

Mimi ni karani. Fomu za maonyesho hupita mezani kwangu kila mwaka, nami huzisoma zote kwa kuwa ni kazi yangu kuona kama zimejazwa sawasawa. Pana mahali pa jina la mwenye ng'ombe, na pana mahali pa jina la atakayemwongoza. Mara nyingi majina yote mawili ni ya bwana mwenye shamba. Siku yenyewe bwana huja amevaa koti jeupe lililopigwa pasi. Lakini tukizitembelea skimu siku za kawaida, twaona nani yuko katika zizi saa kumi na moja alfajiri. Twamkuta mama. Yeye ndiye aliyekata nyasi za nepia, yeye ndiye aliyekamua, yeye ajua kwamba ng'ombe huyu hapendi kushikwa sikio la kulia. Pengine twamkuta binti wa kidato cha pili aliyemlea ndama huyo kwa ndoo tangu siku ya nne. Siku ya maonyesho mama na binti hukaa nje ya ua pamoja na watazamaji.

Katika maonyesho fulani ng'ombe mmoja wa Ayrshire alikataa kabisa kuingia uwanjani. Bwana alivuta, vijana wawili wakasukuma, mmoja akaukunja mkia, jambo ambalo halifai hata kidogo. Ng'ombe akajilaza. Mkewe akaja kutoka kwa watazamaji, hakusema neno kwa mumewe, akamsemesha ng'ombe kwa lugha ya nyumbani na kumkuna chini ya taya. Ng'ombe akainuka. Jambo la kusikitisha ni kwamba mama yule alimrudishia bwana kamba mlangoni, naye bwana akaingia. Ng'ombe alizunguka akigeuza kichwa nyuma wakati wote, na mwamuzi hakuweza kumwona mwendo wake ulivyo. Akapata nafasi ya tano kati ya watano.

Katika viwanja vya mbwa wanawake ni wengi, na watoto wana mashindano yao wenyewe, ambapo haamuliwi mbwa bali huamuliwa ustadi wa mtoto katika kumwongoza. Mashindano ya namna hiyo yako pia katika ng'ombe katika nchi nyingi. Nadhani kila kamati ya maonyesho katika sehemu zenye skimu ingefanya vema kuweka shindano la vijana waongozao ndama: wapewe alama kwa kamba, kwa mwendo, kwa usafi, kwa adabu. Gharama yake ni utepe mmoja na nusu saa.

Najua jibu la mabwana. Watasema shamba limeandikwa kwa jina langu, mkopo nililipa mimi, basi ni haki yangu kusimama na ng'ombe wangu. Haki ni yako, bwana. Baba zetu walipoingia katika skimu za ekari milioni moja tangu mwaka 1962, jamaa karibu 35,000, wengi walipewa ng'ombe wa gredi kwa mkopo na hawakuwa wamewahi kuwafuga. Waliojifunza kuwafuga walikuwa ni baba na mama pamoja, na katika nyumba nyingi mama ndiye aliyejifunza zaidi. Mzee akitaka kushika kamba na aamke saa kumi na moja kwa miezi miwili, amsugue ng'ombe, amtembeze. Akifanya hivyo, sina neno naye. Lakini kama ajua ng'ombe kwa jina tu, amwachie mwenye kumjua, naye asimame nje na kupiga makofi. Jina la shamba litasomwa vile vile katika kipaza sauti.

Watasema pia kwamba maonyesho ni ya mashamba makubwa yenye watumishi, na sisi wa ekari chache tutaaibika. Sikubali. Shamba kubwa lina ng'ombe wengi wa kuchagua, ni kweli, lakini mtumishi wake ana ng'ombe ishirini wa kuzoeza, nawe una mmoja. Katika mwendo na utulivu, mwenye mmoja hana sababu ya kushindwa. Na kando ya ua husimama watu wanaotafuta mitamba ya kununua. Wao hawatazami utepe peke yake. Hutazama kama ng'ombe ni mpole, kama aguswa bila kupiga, kama mwenyewe ni mtu wa kuaminika.

Ndiyo maana namna ya kushindwa ni sehemu ya biashara. Mwamuzi akikupanga wa tatu, simama wa tatu. Mpe mkono aliyekushinda, pokea utepe wako, ongoza ng'ombe wako mpaka mlangoni kwa mwendo ule ule ulioingia nao. Ukitaka kujua kasoro, ngoja mwamuzi amalize madaraja yote, kisha umwendee kwa upole na kumwuliza. Waamuzi wengi hufurahi kuulizwa, na maneno yale ya dakika mbili yaweza kukusaidia kuchagua mbegu ya fahali wa kurekebisha miguu au kiwele katika ndama ajaye. Bwana mmoja aliyepangwa wa tatu aliutupa utepe chini na kumpiga ng'ombe kwa mwisho wa kamba mbele ya watu. Mnunuzi aliyekuwa amekwisha kuuliza bei yake alifunga kitabu chake akaenda kwa wa nne.

Kabla ya kupeleka mnyama, mwone ofisa wa mifugo upate kibali cha kumsafirisha, na uulize kama pana karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo katika sehemu yako au kule uendako. Karantini ikiwapo, haendi mtu. Mnyunyizie dawa ya kupe kabla ya kuondoka na baada ya kurudi, na akirudi mtenge na wenziwe kwa majuma mawili au matatu, kwa kuwa amelala karibu na ng'ombe wa pande zote. Chukua ndoo yako ya maji, usinyweshe kwa ndoo ya jirani.

Fomu zitafika ofisini kama kawaida. Zijazeni kwa wino, na umri wa ng'ombe uandikwe kwa tarehe ya kuzaliwa, si "mkubwa" wala "wa kutosha" kama nilivyoona mwaka jana. Palipoulizwa jina la mwongozaji, msikimbilie kuandika. Nendeni kwanza zizini mkaone ng'ombe amfuata nani bila kamba, kisha mliandike jina hilo.